"Kiondoa Rangi" na Bampa ya Plastiki: Uhakiki wa Istilahi za Upakaji Rangi wa Magari

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi ina kawaida moja ya hatari. Istilahi ikishakubaliwa, ikaingizwa katika orodha na orodha ikapigwa chapa, aliyeiunda huiacha hapo na kushika nyingine. Ni nadra kwake kuifuata mpaka kwa mtu anayeitumia, akaona inafanya kazi gani mikononi mwake. Makala haya ni jaribio la kuifuata istilahi moja namna hiyo. Istilahi yenyewe ni "kiondoa rangi", pamoja na kitenzi chake "kuondoa rangi", kama zilivyotumika katika orodha ya istilahi za upakaji rangi wa magari iliyoandaliwa na jopo dogo la wafasiri na walimu wa ufundi, na baadaye katika mwongozo wa mafunzo uliofasiriwa kwa kuitegemea orodha hiyo.

Yafaa niseme tangu mwanzo kwamba mimi nilikuwa katibu wa jopo hilo. Istilahi ninayoihakiki hapa niliipendekeza mwenyewe, nikaitetea, ikapita. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba haya ni maneno ya mtu aliyesimama kando akiwanyooshea wenzake kidole.

Kilichonirudisha kwenye orodha ile ni barua ya mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi. Alieleza kwamba wanafunzi wake walipewa kazi ya kupaka upya kifuniko cha kioo cha pembeni cha gari la mteja. Mwongozo uliwaambia hivi: "Ondoa rangi ya zamani kwa kutumia kiondoa rangi." Wakaenda dukani, wakaomba dawa ya kuondoa rangi, wakauziwa ile itumikayo kwa bati. Baada ya dakika chache rangi ilianza kuvimba na kukunjamana, kama walivyotarajia. Lakini walipoanza kuikwangua, kifuniko nacho kilikuwa kimelainika kama nta iliyoachwa juani, na alama za vidole zikabaki humo. Hakikufaa tena. Mwenye gari alidai kingine, na mwalimu akakinunua kwa fedha zake mwenyewe. Barua ilimalizika kwa swali: "Je, kosa ni la wanafunzi, la muuza duka, au la Kiswahili?"

Wanafunzi walifanya walichoandikiwa, na muuza duka alitoa alichoombwa. Linabaki jibu la tatu. Ila mwenye kosa si Kiswahili chote, bali ni Kiswahili chetu sisi wa ofisini.

2. Kazi Yenyewe

Asiyeijua kazi hawezi kuipa majina. Kabla ya kuyapima maneno, basi, hatuna budi kueleza kwa ufupi ni jambo gani hasa hutendeka rangi ya zamani inapotolewa kwenye sehemu za plastiki za gari.

Magari ya zamani yalikuwa na bampa za chuma. Fundi aliyetaka kuipaka upya sehemu ya chuma aliweza kuichoma kwa moto, kuipaka dawa kali, kuikwangua kwa patasi au kuipiga msasa. Kwa njia yoyote ile rangi ilitoka na chuma kilibaki. Katika magari mengi ya leo, bampa, vifuniko vya vioo vya pembeni, grili na mapambo ya milango ni vya plastiki, na plastiki hizo si za namna moja. Bampa nyingi hutengenezwa kwa polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isivunjike upesi inapogongwa. Vifuniko vya vioo vya pembeni na grili aghalabu ni vya plastiki iitwayo ABS. Vioo vya taa za mbele, ambavyo kwa kweli si vioo, ni vya polikaboneti. Viwanda huchapa aina ya plastiki upande wa nyuma wa sehemu yenyewe kwa herufi fupi: PP kwa polipropilini, PC kwa polikaboneti, na ABS kama ilivyo.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Asetoni, ambayo ni kimojawapo cha vimiminika vinavyoweza kupatikana katika tina, huyeyusha ABS. Polipropilini haidhuriki nayo sana katika joto la kawaida. Dawa za kutolea rangi kwenye chuma, hasa zile za siku nyingi zenye dikloromethani, hulainisha ABS na polikaboneti pia. Dawa hizo humdhuru hata mtu: mvuke wa dikloromethani ukivutwa, sehemu yake hugeuka kuwa kaboni monoksidi ndani ya mwili. Nchini Marekani dawa za rangi zenye kemikali hiyo zilipigwa marufuku mwaka 2019 kuuzwa kwa watumiaji wa kawaida, baada ya watu kadhaa kufa walipokuwa wakizitumia mahali pasipo na hewa ya kutosha.

Moto nao una hatari yake. ABS huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali mashine ya kupuliza hewa ya moto huweza kupita nyuzi 500. Fundi aliyezoea bati akiielekeza mashine hiyo kwenye grili, rangi itainuka, lakini grili nayo itapinda.

Polipropilini ina tabia nyingine inayostahili kukumbukwa: haishiki rangi kwa urahisi. Fundi anayefika kwenye plastiki tupu ya aina hiyo hana budi kupaka kwanza dawa ya kushikisha rangi, ama sivyo kazi yake itaambuka baada ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo, kutoa rangi yote kwenye bampa ambayo rangi yake imeshika vizuri ni kujitafutia taabu. Fundi hulitupa tabaka lililoshikishwa kiwandani, akabaki na plastiki isiyotaka kushikwa. Kanuni ya kazi hii, basi, ni kwamba rangi iliyoshika hutiwa ukwaru tu ili ipokee rangi mpya. Rangi iliyoinuka, iliyopasuka au iliyorundikana kupita kiasi ndiyo hutolewa.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo haya mafupi zimekwisha kutajwa kazi kadhaa zilizo tofauti, na kwamba ipo hata kazi moja ambayo ndani yake rangi haiondolewi kabisa. Sasa na tuitazame orodha.

3. Kasoro za Orodha

3.1 Kitenzi "ondoa"

Katika orodha yetu kitenzi "ondoa" kilibeba mzigo wote. Kuosha nta na mafuta kwa sabuni kuliitwa "kuondoa uchafu wa rangi". Kupitisha msasa juu ya rangi nzima ili iwe na ukwaru kuliitwa "kuondoa mng'aro wa rangi". Kukwangua, kupiga msasa mpaka kwenye plastiki na kupaka dawa kali vyote viliitwa "kuondoa rangi". Mfasiri wa mwongozo, kwa kutaka ufupi, aliyaacha yale maneno ya ziada, na kazi zote zikawa "kuondoa rangi". Simlaumu. Istilahi inayohitaji mkia ili ieleweke itakatwa mkia siku moja.

Ubaya wa "ondoa" ni kwamba kinataja matokeo peke yake. Hakisemi kitu kinaondolewa kwa chombo gani, wala kilikuwa kimeshika namna gani, wala kinachobaki chini kinatakiwa kuwa katika hali gani. Twaweza kuondoa meza, kuondoa shaka na kuondoa mtu kazini. Kwa mazungumzo ya kawaida neno pana kama hilo ni baraka. Kwa mwongozo wa kazi ni mtego.

Pana mahali pamoja ambapo mfasiri alijitahidi kukikwepa kitenzi hicho, akaandika "kuvua rangi". Hapa aliifuata lugha ya Kiingereza, ambayo hutumia neno moja kwa mtu anayevua nguo na kwa fundi anayetoa rangi. Kiswahili hakina desturi hiyo. Kwetu huvuliwa nguo, viatu na kofia, yaani vitu vilivyovaliwa na vinavyoweza kuvaliwa tena. Mwanafunzi mmoja, kwa mujibu wa barua, aliuliza kama rangi hiyo ikishavuliwa itahifadhiwa wapi. Darasa lilicheka, lakini aliyeuliza alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko kitabu chake.

3.2 Neno "rangi"

Neno "rangi" lina maana mbili ambazo wasemaji huzitumia bila kuchanganyikiwa: ile sifa ya kuwa chekundu au cheupe, na ule uji unaopakwa ukutani au kwenye gari. Katika sehemu za plastiki, hata hivyo, maana hizi mbili hugongana. Zipo bampa nyeusi ambazo hazikupakwa kitu; weusi wake umetiwa ndani ya plastiki ilipokuwa ikiyeyushwa. Zipo nyingine zilizopakwa juu. Orodha yetu iliziita zote "plastiki yenye rangi". Mwanafunzi akiambiwa aondoe rangi kwenye plastiki yenye rangi, naye ana mkononi sehemu isiyopakwa kitu, ataisugua mpaka iishe.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kulitatua jambo hili. Tunatia chumvi ndani ya mchuzi, tunapaka mafuta juu ya ngozi. Kitenzi "tia" huingiza, kitenzi "paka" hufunika. Ingetosha kusema "plastiki iliyotiwa rangi" kwa ile ya kwanza na "plastiki iliyopakwa rangi" kwa ya pili. Jopo halikuliona hilo, kwa kuwa tulikuwa tukiitazama lugha tunayofasiri kutoka kwake, na lugha hiyo haikututaka tutofautishe.

3.3 Umbo la "ki-"

Sisi maofisa wa istilahi tumelipenda mno umbo la "ki-" lenye kitenzi ndani yake. Tukitakiwa jina la kitu kinachozuia, twasema "kizuia", kinachosafisha, "kisafishi", kinachoondoa, "kiondoa". Umbo hili ni la halali na limetupa maneno mengi mazuri. "Kiyeyushi", kwa mfano, linafanya kazi yake vyema katika masomo ya kemia. Kasoro yake ni kwamba umbo hurithi ubora au udhaifu wa kitenzi kilichomo. Ikiwa kitenzi hakitofautishi, kitambulisho cha "ki-" hakitaleta tofauti hiyo.

Katika orodha yetu "kiondoa rangi" kilisimama kwa vitu vitatu: dawa kali ya kuvimbisha rangi, tina, na hata kile kimiminika chepesi cha kufutia mafuta kabla ya kupaka. Cha tatu hutumika karibu kila mara na hakitakiwi kuigusa rangi. Cha pili huyeyusha baadhi ya plastiki na kuziacha nyingine. Cha kwanza ndicho kilichomgharimu mwalimu wetu. Vitu vitatu vyenye hatari tatu mbalimbali vilipewa jina moja, na jina hilo likapelekwa dukani.

3.4 "Msasa mkubwa" na "msasa mdogo"

Orodha iliita msasa wenye chembe nene "msasa mkubwa" na ule wenye chembe laini "msasa mdogo". Lakini msasa huuzwa kwa namba, na namba huenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Msasa wa 180 hula sana. Msasa wa 600 hupapasa. Mwanafunzi aliyeambiwa aanze na "msasa mkubwa" alichukua namba kubwa, akasugua asubuhi nzima bila kufika popote. Aliyeambiwa amalizie na "msasa mdogo" alichukua namba ndogo, akaacha mifereji ambayo rangi mpya haikuweza kuificha. Kwenye polipropilini hasara huwa zaidi, kwani msasa wenye chembe nene huinua nyuzinyuzi juu ya plastiki, na nyuzi hizo huonekana mara rangi inapokauka.

3.5 Majina ya plastiki

Mwisho, orodha ilijitahidi kuyapa majina ya plastiki sura ya Kiswahili, na katika hilo hapana ubaya. Ubaya ni kwamba iliziacha zile herufi zinazochapwa nyuma ya sehemu. Fundi akiinama nyuma ya bampa haoni neno "polipropilini", anaona PP. Kitabu kisichotaja PP hakimsaidii. Herufi hizo si Kiingereza wala Kijapani. Ni alama, kama zilivyo alama za barabarani, na alama haifasiriwi bali huelezwa.

4. Lugha ya Gereji

Baada ya kuipokea barua nilikwenda na mwalimu huyo kwenye gereji moja eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mwenye umri wa kutosha kuwa baba yangu. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta gari?"

"Hapana, mzee. Nimeleta maneno."

Akacheka. "Haya, afadhali. Maneno hayahitaji praima."

Tulikaa kwake asubuhi mbili. Siku ya kwanza alikuwa na bampa ya mbele ambayo rangi yake ilikuwa imeinuka upande mmoja. Kabla ya kugusa kitu aliigeuza, akaifuta vumbi kwa nyuma, akasoma herufi zake. "Nasoma cheti chake," alisema. Kisha akaiosha kwa sabuni na maji, akaikausha, akaifuta kwa kitambaa chenye dawa nyepesi. Nilimwuliza kwa nini asianze na msasa, ikiwa msasa utaondoa uchafu pamoja na rangi. Akasema kwamba nta na mafuta yakikutana na msasa huzamishwa ndani ya mikwaruzo, na hapo hayatoki tena. Rangi mpya itafanya vishimo kama macho ya samaki.

Upande ulioinuka aliulazia wembe, akausukuma karibu bapa kwa bapa na plastiki. Rangi ilitoka vipande vipana. "Hii inabanduka yenyewe. Haikuwahi kushika." Upande mzima hakuukwangua. Aliulowesha na kuupitisha msasa laini wa maji mpaka mng'aro ukafifia. Hapo nilimwuliza, kwa lugha ya orodha yangu, kama huko ndiko kuondoa rangi.

"Hapana," alijibu. "Hapa siondoi kitu. Naiparuza tu ili ishike."

Siku ya pili alikuwa na kifuniko cha kioo cha pembeni kilichopakwa mara nyingi, kila mwenye gari kwa rangi yake. Rangi ilikuwa nene hata kingo zilikuwa zimepotea. Alichukua dawa yake, akadondosha tone dogo ndani ya kifuniko, mahali pasipoonekana, akasubiri. Kisha akagusa kwa kidole. "Naionjesha kwanza. Ikinata, dawa imekula plastiki. Basi siitumii." Ilinata. Akaiweka dawa kando, akakaa na msasa, akaanza na 240, akaendelea na 320, akamalizia na 500, na kazi ikamchukua sehemu kubwa ya asubuhi. Mwalimu alinitazama lakini hakusema neno. Katika mwongozo wetu jambo hilo hilo limeandikwa: "Fanya jaribio la upatanifu katika eneo lisiloonekana." Wanafunzi wake waliusoma mstari huo, na hakuna aliyejua kwamba unamtaka adondoshe tone moja na kusubiri.

Sisemi kwamba kila neno la gereji lafaa kuingizwa katika kamusi. Nasema kwamba katika asubuhi mbili nilisikia "kubanduka", "kuparuza" na "kuonjesha", kila moja likiwa mahali pake, na yote matatu ni Kiswahili ambacho bibi yangu angekielewa. Jopo letu lilikaa siku nne likatoa "kuondoa".

5. Hoja Zinazoweza Kutolewa

Wapo watakaosema kwamba usanifishaji maana yake ni kupunguza maneno, na kwamba mimi sasa nataka kuyaongeza. Hoja hii ni ya kuheshimiwa, lakini imekosea mahali. Kanuni ya istilahi ni jina moja kwa dhana moja. Inakataza majina manne kwa dhana moja, na kwa nguvu ile ile inakataza jina moja kwa dhana nne.

Wengine watasema tuchukue mkopo, tuseme "rimuva", kwa kuwa mafundi na wauza duka wamekwisha kulizoea. Mimi si adui wa mikopo. Bampa, praima, tina na plastiki yenyewe ni mikopo, na hakuna anayeyaonea haya. Lakini "rimuva" ni "kiondoa" kwa sauti ya kigeni, na upana wake ni ule ule. Tena katika maduka mengi neno hilo lina mwenyewe tayari: ni dawa ya kufutia rangi ya kucha. Dawa hiyo mara nyingi ni asetoni, nayo asetoni, kama tulivyoona, huyeyusha ABS. Tutakuwa tumelihamisha kosa tu.

Wapo pia watakaosema kwamba maneno ya gereji ni ya mitaani na hayafai katika maandishi rasmi. Hao nawakumbusha neno "msasa". Hapana mwongozo rasmi usiolitumia, na hapana anayeliona la mitaani. Asili yake ni mti wa jamii ya mikuyu wenye majani makavu ya ukwaru, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi yenye mchanga ilipofika, mafundi hawakungoja kikao. Waliona kazi ni ile ile, wakaipa jina lile lile. Hakuna jopo lingeliunda neno bora kuliko hilo.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia haya yote napendekeza kwamba istilahi "kiondoa rangi" ifutwe katika orodha, na mahali pake ziwekwe istilahi zifuatazo:

(a) Kufuta mafuta: kusafisha nta, grisi na mafuta juu ya rangi au plastiki kabla ya kazi nyingine yoyote. Dawa yake iitwe "dawa ya kufutia mafuta". Kazi hii haiigusi rangi.

(b) Kuparuza: kuitia ukwaru rangi iliyoshika ili ipokee rangi mpya. Rangi hubaki.

(c) Kukwangua: kutoa rangi kwa wembe, bapa au msasa, bila dawa wala moto.

(d) Kubabua: kuvimbisha rangi kwa dawa ili itoke. Kitenzi hiki hutumika kwa ngozi iliyounguzwa na moto au maji ya moto, nacho chaeleza vyema jinsi rangi inavyofanya malengelenge na kukunjamana. Tena kina onyo ndani yake, kwani kinachobabua rangi chaweza kubabua mkono. Dawa yake iitwe "dawa ya kubabua", na isiandikwe kamwe bila kutajwa kama ni ya chuma au ya plastiki.

(e) Kubandua: kutoa tabaka lote la rangi mpaka plastiki ionekane, kwa njia ya (c) au ya (d), plastiki ikabaki salama. Hili ndilo jina la jumla. Tunabandua kilichobandikwa, na kibanduliwapo tunatazamia kilichokuwa chini kibaki kizima.

(f) Kuonjesha: kujaribu dawa kwa tone dogo mahali pasipoonekana, na kungoja kuona kama plastiki inanata au kulainika.

(g) Plastiki iliyotiwa rangi, na plastiki iliyopakwa rangi: ya kwanza rangi imo ndani, ya pili rangi iko juu.

(h) Msasa mkali na msasa laini, badala ya "mkubwa" na "mdogo", na kila mara namba yake itajwe.

(i) Herufi za aina za plastiki (PP, ABS, PC na nyinginezo) ziandikwe kama zilivyochapwa, na maelezo yake yafuate kwa Kiswahili.

Kwa mpango huo, agizo lililomponza mwalimu lingesomeka hivi: "Soma herufi zilizo nyuma ya sehemu. Osha, kisha futa mafuta. Kama rangi imeshika, iparuze kwa msasa laini wa maji. Kama imeinuka, ikwangue. Usiibabue kabla ya kuonjesha dawa." Ni maneno mengi kuliko yale ya kwanza, lakini kila moja lina kazi yake, na mwanafunzi hana haja ya kubahatisha.

7. Hitimisho

Mfasiri wa barua za serikali akikosea neno, barua hurudishwa na kuandikwa tena. Mwalimu wa lugha akikosea, mwanafunzi husahihishwa mwaka unaofuata. Katika kazi za mikono kosa la neno halirudishwi. Huonekana katika kifuniko kilicholainika, katika mapafu ya kijana aliyefunga mlango ili vumbi lisiingie, na katika mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo istilahi za ufundi zastahili kuogopwa zaidi, na kupimwa mahali zitakapotumika kabla hazijapigwa chapa.

Napendekeza pia jambo moja la utaratibu. Kila jopo la istilahi za ufundi liwe na fundi mmoja angalau, naye asiitwe kuja kuthibitisha maneno yaliyokwisha kuamuliwa. Akae tangu siku ya kwanza, aulizwe kwanza yeye anasemaje, ndipo wafasiri wafungue vitabu vyao.

Mwalimu aliyeniandikia nilimjibu kwa barua kwamba kosa lilikuwa langu, na nikampelekea mapendekezo haya kabla ya kuyaleta hapa. Amekwisha kuyabandika ukutani darasani. Ameyakubali yote isipokuwa "kubabua", ambalo kwao, asema, ni neno la watoto waliomwagikiwa na chai. Ninalitetea bado, lakini sina neno bora. Wasomaji wenye neno la kwao, hasa walimu wa ufundi na wale wanaoishi karibu na gereji, wanaombwa walilete.